Chupa moja tu ya enaji na moyo unadunda hadi alfajiri

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma uhasibu mwaka wa pili, Dodoma. UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, inaanza wiki tatu zijazo na nina masomo saba. Muhula uliopita nilisapu mawili, yaani nilifeli nikapewa mtihani wa marudio, nikiteleza tena nitadisko, nitaondolewa chuo. Hosteli kwetu kila mtu ana chupa ya enaji, kile kinywaji cha kuongeza nguvu, pembeni ya kitanda. Mwenzangu wa chumba anakunywa mbili na analala fofofo. Mimi nikinywa moja saa nne usiku moyo unadunda hadi alfajiri, na asubuhi sikumbuki nilichosoma. Sasa kuna dada ameleta vidonge vya Ritalin, ile dawa ya umakini, anauza kimoja elfu tano. Nimenunua viwili ila sijavimeza. Wavulana wao wanatafuna mirungi. Kipi kinasaidia kweli na kipi kina nafuu? Je, ni wizi wa mtihani? Na asubuhi ya pepa ninywe nini? Sina ugonjwa wowote, dawa pekee ninayotumia ni vidonge vya uzazi wa mpango.

JIBU LA MFAMASIA: Marahaba mdogo wangu. Jibu la jambo linalokusumbua zaidi umeliandika mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho, kama kitu kisicho na uzito: vidonge vya uzazi wa mpango. Naanzia hapo.

Kafeini ndiyo inayofanya kazi kwenye enaji, na mwili huiondoa kwa kuivunja kwenye ini, kwa msaada wa kimeng'enya kimoja kiitwacho CYP1A2. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini aliyokunywa huwa imeondoka baada ya saa tano hivi. Estrojeni, homoni iliyomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango vya mchanganyiko (vyenye homoni mbili), hukipunguza kasi kimeng'enya hicho, na muda huo unaweza kufika mara mbili. Wewe ni mhasibu, piga hesabu. Kopo la nusu lita la enaji ya Monster lina miligramu 160 za kafeini. Ukilimaliza saa nne usiku pamoja na mwenzako, yeye saa tisa usiku amebakiwa na 80, na saa mbili asubuhi ana 40. Wewe, kama ini lako limecheleweshwa kiasi hicho, saa mbili asubuhi ndio kwanza umefika 80. Hiyo ni Red Bull nzima ya mililita 250. Unaingia kwenye chumba cha mtihani ukiwa nayo kwenye damu, na usiku kucha hukufumba jicho.

Kwa hiyo mwenzako hana moyo wa chuma na wewe si dhaifu. Kuna tofauti za kuzaliwa nazo, kuna mazoea, na kwa upande wako inawezekana kabisa kuna kidonge. Usije ukaacha vidonge vyako kwa sababu ya barua hii! Cha kupunguza ni enaji. Na kama siku moja utapewa antibayotiki ya siprofloksasini, ile mnayoiita sipro, kwa ajili ya UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo hosteli za wasichana hazikosi, jua kwamba nayo hukichelewesha kimeng'enya hicho hicho. Nimeshakutana na binti aliyekuja dirishani kwangu akilalamika kwamba sipro "imempandisha presha na kumtetemesha mikono". Alipokaa tukaongea, ikaonekana alikuwa anaimezea na enaji.

Kuna kafeini nyingine mnayoinywa bila kujua. Panadol Extra, kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini juu ya parasetamo miligramu 500. Mwanafunzi ameshinda na enaji, usiku kichwa kinamgonga, anameza viwili. Ameongeza 130 saa tano ya usiku, halafu anashangaa usingizi umeenda wapi. Kikitokea kichwa kuuma usiku, chukua parasetamo ya kawaida.

Sasa tuje kwenye swali lako la kwanza, kama inasaidia. Nisikudanganye, kwa kiasi fulani inasaidia. Mtu aliyechoka akipata kafeini ya wastani huwa macho zaidi, anajibu haraka zaidi, na kazi ya kuchosha inamchukua muda mrefu zaidi kuichoka. Ila angalia inavyofanya. Ubongo ukiwa kazini hutoa kitu kiitwacho adenosini, na kadiri saa zinavyopita kinazidi kujaa. Kikikaa kwenye vipokezi vyake, unasikia usingizi. Kafeini imefanana nacho kiasi cha kukalia siti zile zile bila kulipa nauli. Adenosini haijaenda popote, imesimama kituoni, na abiria wanazidi kuongezeka. Kafeini inaposhuka, wote wanagombania mlango kwa mpigo. Ndiyo ile hali ya saa tatu asubuhi, pepa limeshagawiwa, unasoma swali la kwanza mara nne na halikai kichwani.

Nilikuwa huko. Nikiwa mwaka wa tatu nilikesha usiku mmoja kwenye kimbweta, yale mabenchi ya kusomea chuoni, kwa kahawa ya unga na kola, siku moja kabla ya mtihani wa dawa zinavyofanya kazi mwilini, somo ambalo kwa kweli nilikuwa nalipenda. Asubuhi nilijisikia mwepesi na mkali. Swali la kwanza niliandika kurasa sita kwa raha zangu. Msimamizi aliposema zimebaki dakika thelathini, nilikuwa bado na maswali matatu. Nilipoonyeshwa kitabu changu cha majibu baadaye, kurasa nne kati ya zile sita zilikuwa zinajibu kitu ambacho hakikuulizwa. Kilichoniuma ni kwamba nilitoka kwenye ule mtihani nikiamini nimepasua.

Hiyo hisia ya kujiona uko vizuri ndiyo naiogopa kuliko moyo kudunda, kwa sababu moyo kudunda unakuonya. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe kwenye jaribio lile lile la umakini wa mkono na jicho. Aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na aliyefika saa 24 alilingana na mwenye asilimia 0.10. Hakuna mtu hosteli kwenu ambaye angekunywa bia kadhaa ndipo aende kwenye pepa la kodi. Lakini waliokesha wanaenda, na wanasifiwa kwa kupiga msuli.

Halafu kuna kumbukumbu, na hapa ndipo malalamiko yako ya "sikumbuki nilichosoma" yanapopata jibu. Ulichosoma leo huhifadhiwa kwanza kwa muda kwenye sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Usiku, hasa kwenye usingizi mzito wa saa za mwanzo, ubongo unarudia yale ya mchana na kuyapeleka kwenye hifadhi ya kudumu, kama karani wa masjala anayebaki ofisini kupanga mafaili wateja wakishaondoka. Jambo hili si geni. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach, kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya kulala na baada ya kukaa macho kwa saa zile zile. Waliolala walikumbuka zaidi, na majaribio mengi yaliyofuata kwa miaka mia moja yamekubaliana na hilo. Ukinywa enaji saa nne usiku unamfukuza karani. Na usidhani kuiwahisha kidogo kunatosha. Mwaka 2013 timu ya Christopher Drake huko Marekani iliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na bado usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima. Hapo mwili wa kawaida. Wako unajua ulivyo.

Kuhusu vingine vilivyomo kwenye chupa sina mengi. Sukari ni gramu 27 kwenye Red Bull ndogo, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima akiweza asivuke kama gramu 25 kwa siku nzima. Vitamini B utazikojoa, ndiyo ile rangi ya njano kali. Taurini, kiambato kingine cha kwenye lebo, mwili wako unaitengeneza wenyewe.

Kiwango? Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2015, ilisema mtu mzima mwenye afya asivuke miligramu 400 kwa siku, na 200 kwa mkupuo mmoja. Enaji za hapa kwetu zinatofautiana, kwa hiyo geuza chupa usome lebo, kisha zidisha kwa ukubwa wa chupa, maana wengi huandika kiasi cha mililita 100 tu. Kwa wewe, kama vidonge vyako ni vya mchanganyiko, ningekaa chini sana ya hapo. Matukio ya kifo ni machache na sitaki kukutisha nayo, ila yapo. Mwaka 2017 huko South Carolina, Marekani, kijana wa miaka 16 alikunywa kahawa ya maziwa, soda yenye kafeini na enaji ndani ya saa mbili hivi, akaanguka darasani na kufa. Mchunguzi wa vifo alisema ni kafeini iliyovuruga mapigo ya moyo, na moyo wake haukukutwa na kasoro yoyote. Kwetu huku kuna jambo la ziada: vijana wengi wana valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, na hawajui kwa sababu hawajawahi kupimwa. "Sina ugonjwa wowote" mara nyingi maana yake ni "sijawahi kusikilizwa moyo".

Ritalin. Jina lake la kitaalamu ni methilifenideti. Aliitengeneza Leandro Panizzon mwaka 1944 akiwa kiwanda cha Ciba, Uswisi, na inasimuliwa kwamba jina alilitoa kwa mkewe Marguerite, aliyeitwa Rita, ambaye alikuwa akiimeza kabla ya kucheza tenisi. Ni dawa ya kweli yenye wagonjwa wake. Mtu mwenye tatizo la kudumu la umakini, lile linaloanza utotoni na kuvuruga maisha yake yote, akiitumia chini ya daktari inaweza kumbadilishia maisha. Naomba msiwafanyie mzaha watu hao, na msiwanunulie vidonge vyao pia.

Kwa asiye mgonjwa ni habari nyingine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne na wenzao walichapisha jaribio zuri sana. Walichukua watu 40 wenye afya, wakawapa fumbo la kujaza begi: una vitu vingi, kila kimoja kina uzito na thamani yake, begi lina ukomo, uchague mchanganyiko wenye thamani kubwa kuliko yote. Ni fumbo ambalo mhasibu angelipenda. Kila mtu alilifanya kwa siku tofauti akiwa amemeza methilifenideti, au amfetamini, au modafinili (zote dawa za kuchangamsha ubongo), au kidonge kisicho na dawa, bila kuambiwa ni kipi. Wakiwa na dawa walihangaika zaidi na kuhamisha vitu mara nyingi zaidi. Lakini ubora wa kila hatua ulishuka. Walikuwa wanajaribu ovyo. Tena waliokuwa juu ya wastani bila dawa ndio walioelekea kushuka chini ya wastani walipoimeza. Dawa iliwaongezea hamasa ikapunguza akili ya kuitumia hamasa hiyo. Niliposoma hapo nilikumbuka zile kurasa zangu sita.

Na mambo haya wanafunzi walishayapitia zamani. Miaka ya 1930 amfetamini, ikiuzwa kwa jina la Benzedrine, ilijaribiwa kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Habari zikaenea kwamba inafukuza usingizi, na kufikia mwaka 1937 magazeti ya Marekani yalikuwa yanaandika juu ya wanaoimeza ili kukeshea mitihani na wanaozimia kwa ajili yake. Miaka karibu tisini baadaye mnauziana elfu tano.

Vidonge vyako viwili vina shida nyingine tatu. Hujui kama ni Ritalin kweli, kwa kuwa kidonge kilichokatwa kwenye karatasi lake hakina jina, hakina tarehe, hakina chochote cha kukuhakikishia. Pili, hupandisha mapigo na presha, na ukichanganya na kafeini vinasukuma upande mmoja. Tatu, methilifenideti ipo kwenye jedwali la pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Kuiuza chumbani bila cheti cha daktari haifanani na kuuza vocha, na huyo dada anacheza na jela. Usimrudishie, maana atamuuzia mwingine, na usivitupe chooni. Vipeleke famasi ya hospitali, sema unataka viteketezwe. Elfu kumi yako imeshaliwa.

Mirungi sitaikalia sana. Ndani yake kuna kathinoni, ambayo kwa umbo ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Huanza kupotea majani yakinyauka, ndiyo sababu magari ya kubeba mirungi ya Meru, Kenya, hukimbia vile. Mtafunaji hukaa macho na huongea sana. Baadaye hushuka moyo, hakosi kufunga choo, na usingizi haumtaki. Kenya ni zao halali, Tanzania ni dawa ya kulevya kwa sheria ya mwaka 2015, na kutoka Same hadi Dodoma hakuna mahali utakapomwambia askari kwamba ni ya kusomea. Kati ya vyote ulivyovitaja, kwa mtihani ndicho cha mwisho.

Umeuliza kama ni wizi wa mtihani. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 2011 kiliingiza kwenye kanuni zake kwamba kutumia dawa za cheti bila cheti ili kuinua masomo ni udanganyifu wa kitaaluma. Kwenye michezo, kafeini ilitolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004, amfetamini bado imo wakati wa mashindano. Maoni yangu: chai na kahawa si wizi, na Ritalin ya kununua ni kosa la sheria kabla hatujafika kwenye maadili. Ila neno wizi lina utani wake hapa, kwa sababu mwizi wa chabo angalau hutoka na majibu.

Sasa wiki tatu zako. Kama umekuwa ukinywa enaji kila siku, usiache ghafla siku moja kabla ya UE. Maumivu ya kichwa ya kuacha kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, na usumbufu wake unaweza kuvuta hadi siku tisa. Waliofunga Ramadhani wanayajua yale maumivu ya kichwa ya siku za kwanza. Anza leo: enaji badilisha kwa chai, ambayo kikombe chake kina karibu miligramu 50, na kwa hali yako cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana. Lala saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri. Najua hosteli haina ukimya saa nne. Pamba za masikioni ni bei ya maandazi mawili. Ukizidiwa mchana, lala dakika ishirini kabla ya saa kumi, kengele ikiwa imewekwa.

Na huko kusahau kwako, nina wasiwasi nusu ni enaji na nusu ni namna mnavyosoma madesa (notisi zenu), kuyapitia na kuyapitia na rangi ya njano mkononi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine waliyasoma mara mbili. Wengine waliyasoma mara moja, kisha wakafunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano wale wa mara mbili waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo funga desa, chukua pepa la miaka iliyopita, andika jibu kwenye karatasi tupu, ndipo ufungue uone ulipokosea. Kwa saa moja utachoka kuliko kusoma saa tatu, na hutahitaji kafeini kukuweka macho, maana mtu anayefukuza mizania isiyobalansi hasinzii. Masomo uliyosapu yapite kila baada ya siku mbili, hata kwa nusu saa, usiyaachie wiki ya mwisho.

Moyo ukidunda ovyo ukiwa umetulia, kifua kikabana, ukazimia au ukatapika mfululizo baada ya enaji au kidonge chochote, nenda hospitali usiku huo huo na useme ulichokunywa. Hatukai pale kuhukumu. Hata bila hayo, pita zahanati ya chuo kabla ya UE, usikilizwe moyo na kupimwa presha, hasa kama uko kwenye vidonge vyenye estrojeni.

Asubuhi ya pepa kunywa kile unachokunywa kila asubuhi na kwa kiasi kile kile, saa moja kabla ya kuingia. Kwako naona ni kikombe kimoja cha chai na chapati au kiazi, si mandazi matupu. Usiongeze cha pili kwa sababu umeona wenzako wanatetemeka na makopo mlangoni. Kafeini inaharakisha haja ndogo, na msimamizi hakusindikizi chooni kwa furaha.